Kuni za Anayekuja Nyuma

Masika yaliyopita mjukuu wangu alinipandisha Kitulo kwa gari lake, eti nikaone maua. Maua yapo, sikatai. Mekundu, ya njano, ya zambarau, yametandazwa kama kanga za arusi. Lakini mimi mlima ule sikuujua kwa maua. Niliujua kwa nyayo zangu, nikiwa mtoto mwenye mapengo mdomoni. Tulipofika kwenye mwamba mmoja nikamwambia asimame. Akasimama, akautazama, akasema, "Bibi, si jiwe tu hili?" Mtu aliyekua na kiberiti mfukoni utamweleza nini? Nakueleza wewe, maana naona una subira.

Ilikuwa kabla ya Uhuru. Baba yangu alikuwa kibarua wa barabara kuu kule Igawa, chini Usanguni. Sisi wengine tulibaki Ukinga, ng'ambo ya mlima: bibi yangu mzaa baba, mama, mimi, na mdogo wangu ambaye bado alikuwa wa mgongoni. Siku moja baba akatuma neno kwa wauza viazi kwamba amepata nyumba, mke na watoto waje. Magari yalikuwepo duniani, lakini yalikuwa ya wazungu na mapadri. La kwetu lilikuwa miguu.

Bibi akasema atatufikisha, kisha arudi zake. "Nakwenda kumwona mwanangu uso tu," alisema. "Njegere zangu nani atavuna, ndege?" Na nyuma ya nyumba kulikuwa na kaburi la babu, ambalo alilifagia kila asubuhi kabla hajafagia uwanja wa walio hai. Alimwomba jirani alifagie mpaka atakaporudi.

Tukabeba ugali wa ulezi uliopoa, viazi vya kuchoma, na kila mtu mzigo wake wa kuni. Kuni ndizo zilizokuwa safari yenyewe. Ukishautoka msitu wa mianzi, kule juu hakuna mti. Ni nyasi, upepo, na ukungu unaokuingia mpaka kwenye meno. Katikati ya nyanda ndipo ulipo ule mwamba, umeinama kama paa, na chini yake ni pakavu. Msafiri akilala pale anaota moto wa kuni alizozikuta, zilizoachwa na waliotangulia. Asubuhi anaacha zake kwa ajili ya anayekuja nyuma. Hapakuwa na mlinzi, wala sheria ya mzungu. Watu walikuwa wanaacha, basi.

Siku ya kwanza tulipanda mianzini. Bibi alitangulia na fimbo yake, mkono mwingine umeshika chungu chenye majivu, ndani kaa la moto limelala. Mimi nikawa najikokota.

"Wewe mke mwenzangu," akanipigia kelele, "mbona unatembea kama kuku aliyefungwa mguu? Hivyo ndivyo utakavyokwenda kwa mume?"

"Mume mwenyewe si babu?" nikamjibu. "Huyo amelala, atanisubiri."

Alicheka mpaka akaegemea fimbo. Babu ndiye aliyemchongea fimbo ile.

Siku ya pili mlima ulibadilika sura. Ukungu ulishuka, ukafuata upepo, kisha mvua ya mawe. Mawe ya barafu yalitupiga vichwani mpaka kuni zikalowa na nguo zikagandana na ngozi. Nilitaka kukaa. Bibi akanitandika kofi la mgongo. "Usikae! Mlima huu unamla aliyekaa!" Nikatembea huku nalia. Mdogo wangu naye alikuwa analia mgongoni kwa mama, tena kwa nguvu. Halafu akaacha.

"Mama," mama yangu akamwita bibi, "mtoto kanyamaza."

Bibi aliingiza mkono ndani ya nguo, akashika unyayo wa mtoto. Akageuka, akaanza kutembea kwa mwendo ambao sikujua kama mwanamke mzee anao.

Chini ya mwamba tulikuta kuni kavu. Nani aliziacha, sijui mpaka leo. Bibi akapuliza kaa mpaka likashika, akafungua kaniki yake, akamweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akakaa karibu na moto hata nikaogopa ataungua. Tulichoma kuni zote tulizozikuta. Mtoto akakohoa, kisha akalia. Mama yangu aliposikia kile kilio, naye akalia.

Kulipokucha mvua ilikuwa bado inamwagika. Kuni zetu zilikuwa zimekauka pembeni ya moto, na mbele yetu kulikuwa na kulala kwingine kabla ya kuteremka. Bibi akaanza kuzipanga kwenye pembe kavu ya mwamba. Mama akazishika.

"Mama, usiziache. Huyu mtoto leo tena atakufa."

"Tumeota za watu."

"Najua tumeota za watu! Lakini hao wanaokuja siwajui. Huyu namjua."

Bibi alimtazama muda mrefu. Nilidhani atampiga. Kumbe alimsukumia kuni zote. Kisha akafungua mzigo wake mwenyewe, akatoa kigoda alichokuwa anampelekea baba, akakipasua kwa jiwe. Akaweka na mwiko. Akasimama, akaviangalia, akaona havitoshi hata kuchemsha maji. Akaweka fimbo.

"Mama, fimbo tena?" mama akasema. "Utateremkaje?"

"Fimbo ni kuni iliyosimama tu," bibi akasema. "Twendeni."

Mtoto tukamfikisha mzima. Leo yuko Kihesa, mzee mwenye kitambi, anagombana na madaktari. Lakini kwenye mteremko, karibu kabisa na bonde, utelezi ulimbeba bibi akaangukia goti. Wauza viazi ndio waliomfikisha Igawa, wamembeba. Goti lile halikurudi kuwa goti. Njegere zake zilivunwa na wengine, na kaburi la babu sijui lilifagiwa na nani. Mlima ulikuwa unaonekana pale mlangoni kila siku, na hakuuvuka tena. Hakulalamika. Mimi nilimwona anavyoutazama, ndiyo maana nasema.

Alichobaki nacho ni swali moja. Kila wauza viazi walipoteremka, aliwaita uwanjani, akawapa maji, halafu akauliza: "Mlikuta kuni?"

"Tulikuta, bibi."

"Mliacha?"

"Tuliacha."

Hapo ndipo alipokula chakula chake vizuri.

Nilipokuwa mwali, barabara ya gari ilikuwa imepandishwa mlimani. Kijana mmoja akashuka na magunia, bibi akamwuliza kama kawaida. Kijana akacheka, hakuwa na ubaya. "Kuni za nini, bibi? Siku hizi tunapita kwa lori. Kule juu halali mtu."

Bibi akapangusa kikombe alichotoka kunywea yule kijana, akakifunika.

"Basi ni vizuri," akasema. "Hawasikii baridi."

Tangu siku ile hakumwuliza mtu tena, na wauza viazi waliendelea kupita pale mlangoni bila kuitwa.