Miezi Mitano na Samaki wa Mama

Mwanamke aliyenipa nafasi kwenye baraza la duka lake pale Busia hakuwa na ukoo nami, lakini nilimwita Mama tangu siku ya kwanza, kama walivyomwita wote. Alizaliwa Mombasa. Mumewe, mwenye lori, ndiye aliyemleta bara, na alipofariki Mama akabaki na duka la kanga, nyuzi na majani ya chai. Mimi nilikuwa kijana wa Adungosi, fundi baiskeli. Uhuru ulikuwa bado mbichi na baiskeli zilikuwa nyingi kuliko mafundi.

Nyuma ya kaunta kulikuwa na kitu ambacho usingekiona kwingine kokote kutoka Malaba hadi Funyula: sanduku la kioo, refu kama dawati la shule, limejaa maji ya bahari. Yalikuwa ya bahari hasa. Yalipanda treni Mombasa ndani ya chupa kubwa zilizofungwa kwenye vikapu, yakashuka Malaba, yakamalizia safari kwa lori. Mumewe alimtengenezea sanduku hilo kwa sababu Mama alikuwa akilia akikumbuka kwao. Ndani waliishi samaki watatu: wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, wadogo kama kidole gumba, na mmoja wa buluu, mnene kidogo, mwenye uso wa karani aliyekatizwa chai yake.

Umeme hatukuwa nao. Hewa ya samaki ilitoka kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la lori. Tuliujaza kwa pampu ya baiskeli, nao ukaitoa polepole kupitia kamrija kembamba hadi majini, mapovu yakipanda kutwa nzima. Pampu ilikuwa yangu. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika mambo ya bahari bila kuiona bahari.

Siku moja ikaja barua kutoka Mombasa. Binti yake Mama alikuwa na mimba ya kwanza, na mkunga alikuwa amesikia mioyo miwili. Mama alitaka kwenda siku hiyo hiyo, kisha akalitazama sanduku akakaa chini.

Kwanza alimwita fundi cherehani, Msamia wa Funyula tuliyegawana naye baraza.

"Ukiwatazama hawa, unaona nini?" Mama akamwuliza.

Fundi akainama, akawatazama kwa makini. "Hawa ni wadogo sana, Mama. Hata ukiwakaanga wote watatu, ugali utabaki."

Mama akamrudisha kwenye cherehani yake, akaniita mimi.

"Nasikia wewe huli samaki."

"Sili, Mama. Nilikwamwa na mwiba nikiwa mdogo. Hata harufu yake sitaki."

"Basi umepata kazi, mwanangu."

Alinifundisha kwa siku tatu. Chakula kilikuwa kamba wakavu waliotwangwa, kiasi cha kuokota kwa ncha ya kisu, mara mbili kwa siku. Mpira ulijazwa asubuhi, adhuhuri na jioni. Halafu kulikuwa na chupa ndogo ya dawa, iliyotiwa mchanga na kuzibwa kwa nta, ikielea wima majini na mstari mwekundu umechorwa shingoni.

"Mstari ukae sawa na uso wa maji," alisema. "Chupa ikiinuka, ongeza maji ya mvua. Ya mvua, si ya kisima. Ya kisima yaliniulia samaki zamani."

Akaniachia na duka, akaondoka, akasema atarudi arobaini ya uzazi ikiisha.

Mwezi wa kwanza nilikuwa mtu mashuhuri. Wanawake waliokuja kununua uzi walikaa saa nzima. Wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka waliniita "ssebo", yaani bwana, na kuniuliza kama ni kweli samaki hao walikuja kwa treni, na kama walikatiwa tikiti. Karani mmoja wa forodha alikuja kuchunguza kama walivuka kutoka Uganda. Nilimwonjesha maji kwa kidole. Akatema mate hadi nje, akaandika kitu katika daftari lake, na hatukumwona tena.

Barua ya pili ilisema mapacha wamezaliwa, wote wasichana, lakini mama yao amepata homa. Ya tatu ilisema homa imepungua, ila watoto hawalali. Arobaini ikapita, ikaja nyingine, na kiangazi kikaingia. Jua la Busia lilikunywa maji ya sanduku kama mtu aliyetoka shambani. Chupa ikaanza kuinuka. Pipa la maji ya mvua nyuma ya duka lilikuwa limekauka hadi chini, na mjusi alikuwa amehamia ndani.

Hapo ndipo akili yangu iliponiharibia. Nilikaa kwenye kigoda nikawaza: hawa ni samaki wa chumvi. Kama maji yamepungua, basi na chumvi imepungua. Kwa nini niwaongezee maji matamu? Lazima nilimsikia Mama vibaya. Na hayo ya kisima yaliwaua, bila shaka, kwa kukosa chumvi. Nikachota maji kisimani, nikatia chumvi ya jikoni vijiko sita, nikakoroga vizuri, nikamimina.

Chupa ikaruka juu kama mtu aliyekalia siafu.

"Huyo chupa anataka kutoka," alisema fundi cherehani.

Jioni samaki wa chungwa walijificha nyuma ya chungu kilichovunjika walichowekewa humo. Yule wa buluu alikuwa amelala ubavu. Kesho yake asubuhi alikuwa amekufa, na uso wake bado ulikuwa ule ule wa kukatizwa chai. Nilimzika chini ya mpapai nyuma ya duka, na sitaficha, machozi yalinitoka. Fundi cherehani alisimama pembeni, amevua kofia.

"Nikuletee ngege mdogo kutoka ziwani," alinong'ona, "tumpake buluu. Mama ataona wapi?"

"Nyamaza, bwana," nikamwambia, nikapanda baiskeli.

Sasa nilielewa kwamba jua hunywa maji na kuacha chumvi nyuma. Kila mtu aliyewahi kusahau sufuria ya mchuzi motoni anajua jambo hilo. Nilihitaji maji ya mvua, na tangi pekee nililolijua lilikuwa la kanisa la kwetu Adungosi, likilindwa na katekista kama altare yenyewe. Nilifika jua limesimama utosini, madebe mawili yamefungwa nyuma ya baiskeli, ulimi umekauka.

"Kiangazi hiki, kijana, maji ya tangi ni ya wagonjwa tu," alisema katekista.

"Ni ya wagonjwa, mzee. Wawili. Wa tatu tumemzika leo asubuhi."

Uso wake ukabadilika. "Maskini. Wanaumwa nini?"

"Wanapumua kwa shida. Mama yao yuko Mombasa."

Yule mzee alinijazia madebe yote mawili kwa mikono yake. Kisha akaniwekea mkono begani akawaombea wale wagonjwa, ombi refu, kwa Kiteso na kwa Kiswahili. Alipofika pale pa "uwarudishie pumzi zao" nilishindwa kuvumilia.

"Mzee, ni samaki."

Akafumbua jicho moja. Nilidhani atanimwagia yale maji. Akalifumba tena lile jicho, akamalizia: "Na hao pia uliwaumba wewe. Amina." Halafu akasema, "Nenda upesi, kabla sijabadili mawazo."

Siku mbili nilitoa kikombe cha maji ya chumvi na kutia kikombe cha mvua, kimoja kila saa, nikipumzika usiku. Baiskeli za watu zililala barazani bila magurudumu. Siku ya tatu mstari mwekundu uligusa uso wa maji, na samaki wawili wa chungwa wakatoka nyuma ya chungu wakaomba chakula.

Kuanzia hapo waligeuka wakorofi. Walianza kukisafisha kile chungu kwa midomo, kisha madoadoa ya rangi ya kutu yakatokea juu yake, yamebanana. Nikadhani ni ugonjwa uliotokana na chumvi yangu. Niliyakwangua kwa spoku ya baiskeli, na mmoja wao akaniuma kidole! Yakatokea tena baada ya majuma mawili. Nikayakwangua tena, nikaumwa tena.

Mama alirudi mwezi wa tano tangu aondoke. Nilimpokea Malaba stesheni, na njia nzima nilimwuliza habari za mapacha tu. Aliingia dukani na buibui lake, hakuketi, akaenda moja kwa moja kwenye kioo.

"Yule wa buluu?"

"Alikufa, Mama. Nilimuua mimi. Nilitia chumvi ya jikoni."

"Kiasi gani?"

"Vijiko sita."

Akaketi juu ya gunia la sukari. "Yule alichaguliwa na marehemu mwenyewe, gatini Mombasa. Alimpenda kuliko hawa." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha nikasikia anacheka kidogo. "Na alikuwa na roho mbaya kama nini! Ameniulia samaki wanne yule. Nilikuwa nikimvumilia kwa ajili ya mume wangu."

Akainama karibu na kioo. Madoadoa yalikuwa yamerudi tena kwenye chungu.

"Haya yameanza lini?"

"Kutu hiyo? Tangu yule afe. Nimeikwangua mara mbili, hawa wakaniuma."

Mama alinigeukia taratibu sana. "Mwanangu, umekwangua mayai."

Nilitamani mjusi anipishe ndani ya pipa. Mama alicheka hadi fundi cherehani akaacha kazi yake akaja kuuliza kulikoni, na alipoambiwa alicheka zaidi ya Mama.

Baada ya siku chache mayai yalianguliwa. Watoto walikuwa kama vumbi lenye macho, na hawakumaliza siku tatu. Mama alisema hata baharini wengi hawafiki mbali. Mwaka uliofuata mapacha waliugua surua, akasafiri tena. Safari hiyo alinipa funguo za duka tu, akapanda lori kwenda Malaba bila kunipa maelekezo yoyote ya samaki.