Suti ya Kuzamia Mbele ya Mama Mkwe

Jamani, hili nimelificha miaka, na hata sasa nalisimulia nikiangalia pembeni. Mchumba wangu Rehema alikuwa nesi hapa Toronto na mzamiaji wa wikendi, nami kwa kupenda sifa nikamwambia mimi mtoto wa Tanga, maji sifundishwi (nilifundishwa, mara mbili, kwenye bwawa, na mara zote nilishikilia ukingo). Basi mama yake alipokuja kutoka Dodoma kunikagua kabla ya kupokea posa, Rehema akatupeleka wote ziwani, kwa boti, kuzamia meli ya mvuke iliyozama huko zamani.

"Haya, vueni mvae suti," akasema kiongozi wetu, Mzungu mmoja mpole.

Nivue? Mbele ya mama mkwe? Nikajifungia chooni, giza, boti inayumba, nikabadili kila kitu, hata chupi, kisha nikajivuta ndani ya ile suti ya mpira. Zipu nikaiweka mbele, kwani koti gani hufungwa mgongoni? Ilikuwa na kamba ndefu inaning'inia, sikujua ni ya nini, nikaifunga shingoni fundo zuri kama tai, maana nilikuwa nakaguliwa. Nikatoka na taulo kifuani, nikajivika mwenyewe kizibao cha mtungi wa hewa haraka haraka, zipu hakuna aliyeiona.

Mita chache tu chini, magoti hayakunjiki, koo limekabwa, maji ya baridi yananiingia kifuani, na kile kivuli kule chini sielewi kama ni meli au ndiyo nazimia. Kiongozi akanipandisha. Kwenye boti kila mtu ananivuta, fundo limelowa limekaza, nami nauliza, "Kwani kuna nini?"

"Umeivaa nyuma mbele! Na hiyo kamba ni ya kuvutia zipu mgongoni!" Rehema akasema, machozi ya kicheko yanamtoka.

Kiongozi akakata kamba kwa kisu, akafungua zipu, akavuta kwa nguvu, na suti yote ikashuka hadi magotini.

Hapo nikajua posa ndiyo basi tena, na nilimpenda Rehema kweli. Mama alikuwa amegeukia ziwa. Akavua kanga yake ya mabegani, akaninyooshea bila kunitazama.

"Jisitiri, mwanangu. Sijaona kitu."

"Ahsante, mama," nikasema, najifunga kanga.

Akaendelea kuangalia ziwa.

"Ila na hiyo chupi umeivaa nyuma mbele."

Posa ilipokelewa. Lakini tangu siku ile sivai kitu chochote gizani, na mama akija kututembelea, shikamoo yangu naitoa nikiangalia viatu.