Siku Niliyomsifu Mutua

Siku ya kwanza kambini, mjukuu wangu, naikumbuka kwa miguu. Nilipewa buti mbili za mguu wa kushoto, na nilipolalamika niliambiwa niutafute mguu wa kulia kwa wenzangu. Niliupata jioni kwa kijana wa Kisii aliyepewa mbili za kulia, akichechemea kama mimi. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Hivyo ndivyo nilivyoanza kuitumikia nchi yangu, miaka michache baada ya Uhuru.

Serikali ilisema kazi ile ni ya kujitolea. Baba yangu alisema ni lazima, na nyumbani kwetu Kisian serikali ilikuwa baba. Alikuwa amechoka nami. Mchana nilibeba magunia pale Mamboleo, kando ya mji wa Kisumu, na kila nilichopata nilikimalizia kwenye ngoma za orutu, ile fidla yetu ya uzi mmoja. Asubuhi moja akaniambia lori la kambi ya vijana litapita barabarani, na akinikuta bado nimesimama pale baada ya lori kupita, nitafute baba mwingine. Nilipanda lori.

Kambi ilikuwa bondeni Kano, na kazi yetu ilikuwa kuchimba mifereji ya kuondoa maji ya mafuriko. Udongo wa Kano unaujua ulivyo, mweusi na wa kunata. Ukiinua jembe unainua na nusu ya shamba. Asubuhi tulifundishwa gwaride, jembe begani kana kwamba ni bunduki, na mbu walihudhuria bila kukosa. Tulikuwa vijana wa kila upande wa nchi, na wengi wetu hatukuwahi kulala karibu na mtu wa kabila lingine.

Mkufunzi wetu alikuwa Sajini Wafula, mtu wa Bungoma, mzee kwa macho yetu, aliyepigana vita vya Burma. Kaptula yake aliipiga pasi mwenyewe, na mkunjo wake ungeweza kukata mkate. Akiita jina lako unajibu, "Hapa, afande," basi, hakuna zaidi.

Sasa mimi, kijana wa ngoma, jambo hilo lilinishinda. Sisi Wajaluo tuna pakruok. Ngoma ikikolea, mtu anasimamisha muziki na kujitaja kwa majigambo, yeye na watu wake, mpaka kila mtu ajue aliyesimama ni nani. Jumatatu moja sajini alipoita jina langu, ulimi ukanitangulia.

"Mimi ni mwana wa Kisian," nikasema kwa sauti, "mtoto wa mama mwenye kicheko inasikika mpaka Mamboleo. Ng'ombe ya baba yangu ikikohoa, ziwa inatulia. Wasichana wananisalimia na mikono mbili."

Kambi nzima iliangua kicheko. Hata leo sioni kosa kubwa hapo, ila kwamba gwaride si ngoma. Sajini alingoja kicheko kiishe, akaniambia nizunguke uwanja nimeinua jembe juu ya kichwa. Nilizunguka mpaka mikono ikafa ganzi. Aliponiita, nilidhani yameisha.

"Wewe kijana, domo iko mingi," akasema, bila hasira yoyote. "Huyu mwenye analala kando yako ni mtoto ya nani?"

Aliyelala kando yangu alikuwa Mutua, kijana mrefu kutoka Ukambani. Sikujua ni mtoto wa nani. Nilijua tu kwamba hazungumzi, na kwamba mferejini husimama ghafla, jembe mkononi, akikodolea macho udongo huku sisi tukimalizia sehemu yake. Mimi ndiye niliyempa jina la Nguzo, na kambi yote ikalishika. Mkubwa wa kambi alikwisha kuamua kwamba Mutua ni mvivu, na kwamba Jumamosi lori likienda mjini Kisumu litampeleka stesheni ya reli arudi kwao.

"Sijui, afande," nikajibu.

"Basi kesho hapa utamsifu yeye, vile umejisifu. Mpaka mimi nitosheke. Ukikosa, Jumamosi mnatoka nyinyi wawili."

Mawazo yalirudi nyumbani. Nilimwona baba amesimama barabarani Kisian, akiangalia nani anashuka.

Jioni nilimkuta Mutua bombani akiosha buti. Nilikaa kando yake, nikachukua buti lake moja nikaanza kulisugua, maana sikujua nianzie wapi. Mwisho nikamuuliza baba yake ni nani.

Alikung'uta buti alilokuwa nalo. Halafu akasema, "Anaitwa Kioko."

"Anafanya kazi gani?"

"Alikuwa anasuka kamba za mkonge. Tulimzika Jumamosi. Jumatatu yake lori ikakuja kutuleta huku."

Nilisahau buti lililokuwa mkononi. "Na mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Nyinyi mnaniita Nguzo."

Mwanangu, nimewahi kuaibika mara nyingi, nami si mtu wa kuficha. Aibu ile ilikuwa ya namna nyingine, ilinikaa kifuani. Mutua aliendelea mwenyewe, taratibu, kama mtu anayejaribu mguu uliokufa ganzi. Mama yake ndiye aliyemwambia aende, kwa sababu kulikuwa na wadogo wa kulishwa, na nafasi ile ikipotea haitarudi. Alikuja na udongo wa kaburi ungali kwenye kucha. Hakuwa mvivu. Kila udongo ulipoanguka kutoka kwenye majembe yetu, alisikia ule wa siku ya maziko, na mikono yake ikakataa.

Nilimsikiliza mpaka kengele ya chakula ikalia. Nilimuuliza mambo ya baba yake, naye akanieleza, na mahali pamoja alicheka kidogo. Chakula chetu kilipoa, hatukujali.

Kesho yake sajini aliita, "Mutua." Nilitoka mstarini. Nikaenda kusimama kando yake.

"Huyu ni Mutua," nikasema, "mwana wa Kioko wa Ukambani, Kioko msuka kamba. Kamba ya Kioko, fahali aliivuta mpaka akachoka akalala. Mutua alizika baba yake siku mbili kabla ya kuja hapa, na mikono yenye ilimzika ndiyo hii inachimba na sisi. Mkimwona amesimama kwa mfereji, msiseme ni nguzo. Anapigia baba yake saluti."

Hakuna aliyecheka. Sajini Wafula alivua kofia, akaishika mbele ya tumbo. Nadhani na yeye alikuwa na wenzake aliowazika Burma, lakini hakusema, nasi hatukuthubutu kumuuliza.

"Mutua," akasema baadaye, "unataka kwenda nyumbani kwa mama?"

"Nataka kukaa, afande," Mutua akajibu, na ilikuwa mara ya kwanza kambi kuisikia sauti yake vizuri. "Lakini leo nisichimbe."

"Leo hutachimba."

Sajini akachukua jembe la Mutua, akashuka mferejini na kaptula yake iliyopigwa pasi, akaanza kuchimba sehemu ya Mutua. Alichimba mpaka mchana, akiwa na matope mpaka mapajani. Sisi tulichimba pamoja naye bila kuamriwa, na siku hiyo mfereji ulisonga kuliko siku yoyote. Sajini alikwenda kuzungumza na mkubwa wa kambi, na lori la Jumamosi liliondoka bila Mutua. Alikaa hadi tulipomaliza muda wetu, na tangu wiki ile kila Jumatatu sajini alimtoa mmoja wetu mstarini amsifu mwenzake. Ilibidi tuulizane. Ndipo tulipoacha kuwa kundi la watu waliokusanywa na lori.

Nakwambia haya kwa sababu na wewe unakaribia kuondoka, iwe ni kambi, chuo au kazi ya mji wa mbali, na utalala karibu na watu usiowajua. Utamwona mmoja ni mvivu, mwingine ana maringo, mwingine hasalimii. Usiwe mwepesi wa kumbandika jina. Kaa naye, mshike mkono kazini, umuulize ametoka kwa nani, kisha ufunge mdomo umsikilize. Ukipata la kumsifu, litaje mbele za watu, hata kama wakubwa wamekwisha kumkatia shauri. Majigambo yako wewe yaweke ya ngoma. Na hapo jigambe sana, mimi babu yako sikukatazi.

Nenda na amani, mwanangu. Mungu akupe afya, akupe kazi ya kukulisha, na buti zako ziwe za miguu yote miwili. Na siku ile utakayosimama kimya mbele za watu, huku mikono yako ikikataa, awepo mmoja kati yao anayejua kwa nini.