Sakafu ya Furu

Furu wangu wa kwanza, samaki wadogo wa ziwani, walitoka Chato, dume na jike, kwenye ndoo ya mvuvi aliyekuwa akiwatumia kama chambo cha sangara. Niliwaleta Ushirombo miezi minne baada ya kumzika mke wangu. Watu walidhani natafuta faraja. Mimi nilitaka kitu cha kupima.

Tangi nililipima vibaya. Nilikokotoa lita tu: urefu sentimita arobaini na tano, upana thelathini, kina sitini, jumla lita themanini na moja. Nikaona zinawatosha samaki wawili wasiozidi urefu wa kidole. Sikujua kwamba furu hagombei maji, anagombea sakafu. Dume alichimba shimo mchangani, akaitwaa sakafu yote. Jike akawa anaishi juu, karibu na bomba la pampu, mapezi yamechanika. Katika dakika kumi nilihesabu akifukuzwa mara thelathini na nane. Niliandika, nikaenda kupika uji.

Nilipanga mawe ili jike apate pa kujificha. Dume akayafanya yake. Jirani yangu muuza mchele, rafiki wa marehemu, alikuja kunijulia hali akasimama mbele ya kioo muda mrefu. Akauliza kwa nini jike ni mmoja. Nikamjibu kuwa ni jozi.

"Jozi ya nani? Huyo dume si wa parokia yetu, shemeji. Mwongezee wake, hasira zigawanyike."

Alicheka peke yake, kisha akaniomba radhi. Lakini alikuwa sahihi. Nilikuwa nimewafungisha ndoa ya kanisani samaki ambao hawaishi hivyo.

Wiki iliyofuata jike aliacha kula. Kidevu kilikuwa kimevimba: alibeba mayai mdomoni. Akikurupushwa angeyatema au kuyameza. Akibaki, dume angemmaliza. Nilizamisha bakuli polepole, nikasubiri karibu saa nzima mpaka alipoingia mwenyewe, nikamhamishia kwenye ndoo yenye pampu ndogo. Hakutema.

Sasa hakuwa na pa kurudi. Nilimwita fundi vioo, nikamwonyesha vioo vilivyoegemea ukuta wa chumbani. Mke wangu ndiye aliyeviagiza, kwa ajili ya dirisha letu. Fundi alivipima, akaniangalia.

"Na dirisha, mzee?"

"Lina mbao."

Alitengeneza tangi la urefu wa sentimita mia na ishirini, fupi kwenda juu. Nilimshikia vioo alipokuwa akikata. Nilitegemea kuhisi kitu, sikuhisi. Nilimkumbusha tu kwamba gundi lazima ikauke vizuri kabla ya kutia maji.

Jike alitoa vifaranga kumi na wanne mle ndooni. Nilimtenga nao, nikamlisha siku kumi mpaka akanenepa, nikaenda tena Chato kuchukua majike watatu. Niliwatanguliza majike wote kwenye tangi jipya. Dume nilimwingiza mwisho, ili ajikute ugenini.

Alimfuata yule wa zamani moja kwa moja. Jike akakimbia. Dume alifika katikati ya tangi, akapunguza mwendo, akageuka kurudi upande wake. Jike aliendelea mpaka mwisho wa kioo, akakaa hapo akihema. Kisha akashuka mchangani, nilikokuwa sijawahi kumwona akitulia, akaanza kuchokoa chakula.