Mwalimu Hulda na kozi mbili za kwenda ng'ambo

Saa moja kasorobo asubuhi, Jumamosi. Ukungu bado umeikalia Makambako na malori yaliyolala kando ya barabara kuu yameanza kunguruma. Ndani ya ukumbi wa chakula wa nyumba moja ya wageni, Hulda Mgaya anaegemeza simu yake kwenye chupa ya chai, anaisogeza kidogo, anarudi nyuma kuangalia kama ubao unaonekana. Amevaa koti zito, maana baridi ya huku haina adabu.

Mbele yake wamekaa watu watano wanaojifunza Kiingereza bure. Telesia, mpishi wa nyumba hiyo, bado ana aproni. Wengine ni wahudumu wawili wa mapokezi, muuza vipuri na kijana wa kukata tiketi za mabasi. Leo wanajifunza kumpokea mgeni na kumtajia bei ya chumba bila kutetemeka.

"Huyo Mzungu ameshaingia kwenye simu?" anauliza Telesia.

"Siyo Mzungu, ni mama wa Afrika Kusini. Na anakuona," anajibu Hulda. Darasa linacheka, na Telesia anaweka kilemba chake sawa.

Mama huyo ni mkufunzi. Atamtazama Hulda akifundisha mpaka mwisho, kisha atasema kama somo limefaulu au limeanguka. Hulda anatakiwa kufaulu masomo sita ya namna hii, pamoja na saa 120 za kusoma, ndipo apate cheti cha kufundisha Kiingereza nje ya nchi. Leo ni somo la kwanza.

Ana miaka 31. Shahada ya ualimu anayo, na ajira ya serikali ameiomba mpaka amechoka kusimulia. Kwa sasa anafundisha katika shule binafsi hapa Makambako kwa mshahara wa Sh380,000 kwa mwezi. Anataka kwenda kufundisha Asia miaka miwili au mitatu, arudi afungue kituo cha lugha katika mji huu unaopitwa na malori ya nchi kadhaa.

"Hela naitaka, nisikudanganye," anasema. "Lakini nataka pia kujua kama kazi hii naiweza mahali pengine, au naiweza hapa tu kwa sababu wamenizoea."

Kozi anayosoma leo siyo aliyoichagua mwanzo. Ya mwanzo aliisikia katika ibada moja mjini Njombe, wakati wa matangazo. Wakala alipewa nafasi, akasalimia, "Bwana asifiwe," akaeleza: siku mbili za mafunzo, cheti mkononi, kazi Asia uhakika.

Siku mbili! Huku parachichi likichumwa linataka zaidi ya hapo kuiva. Lakini wakazi wa nyanda hizi wana kosa lao la kudumu, na mwandishi wa makala haya naye hajapona: mtu akisimamishwa mbele ya kanisa wakati wa matangazo, basi tunaona ameshachunguzwa. Kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyechunguza.

Hulda aliipeleka habari hiyo nyumbani kwao Kichiwa, na usharika ukaamua kumchangia kwa mnada. Aliyewahi kusali huku anaujua mnada wa Jumapili. Watu huleta mayai, viazi, ngano na kuku, vikauzwa nje baada ya ibada, na anayenunua mara nyingi hukirudisha kitu kiuzwe tena. Siku hiyo jogoo mmoja aliuzwa, akarudishwa, akauzwa tena, mpaka jogoo mwenyewe akaonekana kuchoka. Ada ya kozi ikatimia.

Hapo ndipo usingizi wa Hulda ulipokatika.

"Ingekuwa hela yangu ningelipa siku ileile. Ikipotea, nalia peke yangu," anasema. "Lakini hii nilijua imetoka kwa nani. Kuna bibi aliyeleta mayai ambayo alipaswa kula yeye."

Akampigia wakala. Alitaka kujua nani atasahihisha kazi zake, nani atamtazama akifundisha, na kama anaweza kuongea na mtu mmoja tu aliyemaliza. Wakala akamwambia bei ya ofa inakaribia kwisha, kisha akauliza, "Dada Hulda, wewe ni mtu wa imani au siyo?"

"Nikamwambia, imani ninayo, kaka, lakini hiyo ni ya Mungu," anakumbuka. "Sisemi ni tapeli. Nasema hakunijibu."

Hakulipa. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya usharika wa kwao akasema safari bado, kozi ile haiamini, na yuko tayari kurudisha fedha. Wazee wakamwambia akae nazo atafute nyingine. Hilo lilikuwa jema, ila lilifungua midomo. Haukupita mwezi, Kichiwa ikaanza kunong'ona kuwa mwalimu amekula hela ya mnada.

Mama yake, Esnath, anaisimulia hiyo huku akitazama pembeni. "Nilikwenda mashineni kusaga, nikakuta jina la mwanangu linatajwa. Waliponiona wakanyamaza, wakaanza kunisalimia, 'kamwene, kamwene.' Nilirudi na mahindi yangu bila kusaga. Iliniuma, na bado inauma."

Anakiri alimkasirikia binti yake pia. "Nilimwambia, si ungesoma tu hiyo ya siku mbili, watu wanyamaze?"

Kwa Hulda, suala la safari likawa dogo. Kubwa likawa jina lake, maana akikosea tena, nani atamwamini?

Kupitia rafiki aliyesoma naye, akapata namba ya Dorosela, mwenyeji wa Mawengi, Ludewa, anayefundisha Vietnam. Dorosela alimweleza kuwa kituo alichoomba kazi kilimuuliza kwanza kama kuna mtu aliyewahi kumtazama akifundisha. Mwenzake aliyekuja na cheti cha siku mbili aliambiwa asome upya kwa gharama zake, wakati ameshapanga chumba ugenini.

Alimtajia kozi aliyosoma yeye, lakini akamwonya asiichukue kwa sababu tu ameambiwa na dada wa Ludewa. Amuulize kila kitu mwenye kozi.

Hulda akauliza. Majibu yalikuja na jina la mkufunzi, mahali alikosomea, na namba za wahitimu wawili wa kuongea nao. Yalikuja pia na maneno ambayo hakuyatarajia: hawamwahidi kazi, na zipo nchi ambazo zingemnyima viza ya kazi ya ualimu kwa sababu ya pasipoti yake, hata awe hodari namna gani. Wakamtajia anakoweza kujaribu.

"Nilisoma nikakaa chini. Moyo ulivunjika," anasema. "Baadaye nikajiambia, mtu anayetaka hela yangu tu asingenieleza haya."

Kozi hiyo ni ghali kuliko ya kwanza. Fedha ya mnada ameitoa yote, na pengo analiziba kidogo kidogo kwa mshahara wake.

Ukumbini somo limekwisha. Hulda anachukua simu, anaiweka sikioni, anasogea dirishani. Anaitikia kwa kichwa, mara moja, mara tena. Wanafunzi wake wanamtazama kama wanaosubiri majibu yao wenyewe.

Anakata simu. "Nimefeli," anasema.

Ameambiwa amezungumza mno, kwamba wanafunzi walikuja kujifunza kuongea lakini aliyeongea karibu muda wote ni yeye.

"Mimi nilishukuru hukuniuliza," anasema Telesia, na Hulda anacheka, kisha anafuta macho kwa mkono wa koti. Amesikitika, hafichi. Ila anarudia maneno ya mkufunzi yule moja moja, polepole, asije akayasahau.

"Yule wakala wa kwanza aliniahidi kazi hata hajanisikia nikifundisha," anasema. "Huyu amenisikiliza mpaka mwisho. Miaka yote nimefundisha, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba siwapi watu nafasi."

Atalirudia somo Jumamosi ijayo, na akifaulu yote sita anatarajia kuanza kuomba kazi mwakani. Kesho anakwenda Kichiwa, na ameomba nafasi kwenye matangazo. Amempigia mama yake kumpa matokeo, naye anamsihi asitaje kufeli, aseme tu kwamba masomo yanaendelea vizuri, watu wapumzike.

"Nitawaambia nimefeli, mama," anamjibu Hulda. "Siku nikipewa cheti, nataka wajue kwamba ningeweza kunyimwa."