Mihuri Sitini na Mmoja ya Kitabu cha Pampu

Kitabu kina kurasa tisini na sita, jalada la kijani, na kinaitwa Kutunza Pampu ya Mkono. Mwandishi wake alikuwa fundi katika idara ya maji kwa miaka thelathini na miwili. Alikiandika baada ya kustaafu, akachapisha nakala mia mbili, akapeleka moja kwenye maktaba ya mji, na tangu hapo akawa na shughuli ya kila Jumatatu.

Saa tatu asubuhi alivaa shati la mikono mirefu, akachana nywele alizobakiwa nazo, akaenda maktaba. Aliomba kitabu chake mwenyewe, akaketi nacho kwenye benchi lililoelekeana na dirisha la kuazimia, akakifungua nyuma kabisa, palipobandikwa karatasi ya tarehe. Msomaji anapochukua kitabu kwenda nacho nyumbani, karatasi hiyo hupigwa muhuri. Anayesomea humo ndani hapigiwi. Fundi alihesabu mihuri, akaandika jumla kwenye daftari dogo, akarudisha kitabu, akaenda zake mgongo umenyooka.

Katika miaka minne mihuri ilifika sitini na mmoja.

"Sitini na mmoja," alimwambia mkewe. "Na hiyo ni nakala moja tu."

"Hongera, baba watoto. Na pampu yetu ya uani?"

"Ile inataka ngozi mpya ya kuvutia maji."

"Huu mwaka wa pili inataka ngozi mpya."

Fundi alirudi kwenye daftari lake. Alikuwa anashughulikia jambo kubwa zaidi. Aligundua kwamba mihuri huongezeka shule zinapofungwa, akaandika karatasi mbili kueleza sababu: likizo watoto wako nyumbani, maji hutumika mengi, pampu huchoka, watu hutafuta maarifa. Ilikuwa hoja nzuri, imepangwa vizuri, na haikuwa na ukweli hata kidogo.

Ukweli ulikuwa kwenye droo za kadi. Jina la fundi ni la kawaida mno. Liite sokoni kwa sauti, watageuka watu watatu na mmoja ataitika kabisa. Maktaba ile ilikuwa na vitabu saba vyenye jina hilo juu ya jalada. Kimoja kilihusu ufugaji wa nyuki. Viwili vilikuwa vya hesabu za sekondari. Kimoja ni hicho cha pampu. Vitatu vilivyobaki vilikuwa hadithi za mapenzi, na mashuhuri kati yake ni Nirudishie Shela, kisa cha bibi harusi anayeachwa mlangoni na kumsubiri bwana harusi kwa kurasa mia tatu na kumi.

Vitabu hivyo viliandikwa na watu wanne tofauti. Mkutubi aliyetunza kadi, ambaye mji mzima ulimwita Bi Kadi na yeye akaitika, alilijua hilo kwa akili ya kawaida. Lakini Bi Kadi hakufanya kazi kwa akili ya kawaida, alifanya kwa kanuni. Waandishi wenye jina moja hutenganishwa kwa mwaka wa kuzaliwa, na hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliyeutaja wake kitabuni. Pasipo mwaka, kwa kanuni ya droo, jina moja ni mtu mmoja. Basi wote waliwekwa kwenye kadi moja na rafu moja, nyuki kando ya shela.

Wasomaji hawakuruhusiwa kuingia kwenye rafu. Waliandika jina la mwandishi kwenye kikaratasi, wakakipitisha dirishani. Mkuu wa maktaba alikuwa amebandika tangazo: MSOMAJI ASIRUDI MIKONO MITUPU. Kwa hiyo Nirudishie Shela ikiwa imetoka, na nyingine mbili zimetoka, kama ilivyokuwa kila likizo watu walipopata muda wa kusoma hadithi, Bi Kadi alitoa kilichokuwepo cha mwandishi huyo huyo. Wanawake wa mji waliotaka machozi walipewa pampu. Wengi walikirudisha kesho yake bila neno, maana dirishani palikuwa na watu nyuma yako na si mahali pa kubishana. Muhuri, hata hivyo, ulikuwa umeshapigwa.

Mambo yangeendelea hivyo lau jirani wa fundi, mwalimu mstaafu mwenye muda mwingi kupita kiasi, asingefungua droo ile siku moja akitafuta kitabu cha hesabu.

"Fundi," alisema jioni hiyo, ameegemea ua. "Nimeona orodha ya kazi zako. Kumbe kule idara ya maji mlikuwa mnafanya kazi gani hasa?"

"Kazi gani? Pampu."

"Pampu! Na yule binti aliyeachwa mlangoni, naye mlimfunga bomba?"

Baada ya wiki mtaa ukawa unamwita Baba Shela. Mama mkwe wa binti yake, mwanamke wa heshima zake, alipomsalimia aliinamisha macho kuliko ilivyohitajika. Fundi alivumilia siku nne, ya tano akaketi kuandika barua kwa maktaba.

"Ningekuwa wewe ningenyamaza," mkewe alimwambia. Yeye Nirudishie Shela alikuwa ameisoma mara mbili. "Watu wanakupa sifa za bure, unazikimbia."

"Sifa za mtu mwingine hizo."

"Na huyo mwingine ana sifa nyingi. Ungegawana naye kidogo."

Fundi aliambatanisha cheti cha kuzaliwa. Bi Kadi alikisoma mbele yake, mbele na nyuma.

"Una hakika, mzee?"

"Mama, mimi na huyo mtu wa mashela hatujuani. Nitenganishe naye leo hii."

Bi Kadi alimtazama juu ya miwani kwa muda ambao baadaye fundi angeukumbuka. Kisha akachukua kadi mpya, akaandika jina na mwaka wa kuzaliwa, akahamisha kitabu cha kijani kwenye rafu yake chenyewe. Kazi ya dakika kumi. Fundi alirudi nyumbani mwepesi, akamwambia mwalimu mstaafu juu ya ua kwamba mtu na kazi yake.

Jumatatu iliyofuata hapakuwa na muhuri mpya. Wala iliyofuata hiyo. Likizo ilikuja na kupita, na ile hoja ya karatasi mbili ikapita nayo. Fundi aliendelea kufungua nyuma ya kitabu kila wiki, akakuta sitini na mmoja ileile, hadi mwaka ukaisha na mwingine ukakaribia kuisha. Ndipo mlangoni ikabandikwa orodha ya vitabu ambavyo havijaazimwa kwa miaka miwili. Hivyo hufungwa kamba na kupelekwa stoo, na hakuna anayekumbuka kitabu kilichowahi kurudi kutoka stoo. Cha fundi kilikuwa namba kumi na saba. Tarehe ya mwisho ilikuwa Jumatatu iliyofuata.

"Bi Kadi," aliuliza kwa sauti ya chini, "watu wameacha pampu?"

"Hawajaacha, mzee. Hawakuwahi kuanza."

Akamweleza yote: vikaratasi, tangazo la mkuu, wanawake waliorudi kesho yake. Hakuongeza chumvi wala hakupunguza. Fundi alisikiliza kama mtu anayesomewa majibu ya daktari.

"Wote sitini na mmoja?"

"Mmoja nilimpa kwa sababu aliomba nyuki."

Fundi alisogea karibu na dirisha. "Basi nirudishe kule kwa mwanzo."

"Haiwezekani. Uliniletea cheti. Mwaka wako ninao. Siwezi kukuzaa upya."

"Ulijua wakati ule?"

"Nilikuuliza kama una hakika."

Nyumbani mkewe alijitolea kwenda kukiazima. Fundi alikataa.

"Wewe unakula nami sahani moja. Huhesabiki."

"Ningekisoma, jamani."

"Umekuwa nacho kabatini miaka sita."

Alikataa pia kukiazima mwenyewe. Alitaka mtu mmoja, mgeni, aliyekuja kukitaka kitabu hicho kwa miguu yake. Na kama hayupo, basi kiende stoo na yeye ajue. Jumatatu alivaa shati la mikono mirefu, akaketi kwenye benchi lake. Hakuomba kitabu. Kilikuwa dirishani tayari, cha tatu kutoka juu katika rundo, kando ya rundo kuna kamba.

Ilipokaribia saa sita aliingia mwanamke mnene mwenye harufu ya moshi wa kuni, akihema. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni iliyo nje ya mji. Hakujaza kikaratasi.

"Dada, nina haraka, nina watoto mia tatu hawajala. Nipe kile cha pampu, cha yule aliyeandika Shela."

Bi Kadi aliweka kalamu chini. "Kitabu cha pampu tunacho. Lakini aliyekiandika ni mwingine."

"Mwingine vipi? Si hapa hapa mlinipa, nilipokuja kutafuta Shela? Nilikasirika! Nikakisoma kwa sababu ndicho nilichokuwa nacho. Sasa pampu ya jikoni inapiga hewa tangu Ijumaa, na mimi nakumbuka kuna mahali anasema ngozi ikikauka uiloweke kwenye mafuta kabla hujairudisha. Ila nimesahau inaangalia juu au chini."

Kwenye benchi, midomo ya fundi ilitamka "juu" bila sauti.

"Ukurasa wa arobaini na moja," alisema Bi Kadi. "Ila mama, nakwambia, ni watu wawili. Jina limefanana tu."

"Dada, usinitanie. Yule bibi harusi anavyosubiri, na hii ngozi inavyokauka ikakosa kushika maji, ni mkono uleule. Fundi wa pampu gani anaweza kuandika hivyo? Mafundi wa pampu nawajua mimi. Wanakuja, wanagonga, wanaomba chai, wanaondoka."

Bi Kadi, ambaye kwa miaka ishirini na sita, kwa hesabu ya kadi zake, hakuwahi kumwacha msomaji aondoke na mwandishi asiye wake, aligeuza kichwa kuelekea benchi.

"Mzee," alisema, "kuna neno ungependa kusema?"

Mpishi naye aligeuka. Alimwona mzee aliyechana nywele vizuri, mikono juu ya magoti.

"Mpe mama kitabu," fundi alisema. "Watoto wana njaa."

Muhuri ulianguka. Mpishi alikitia kitabu kwapani.

"Tena hiki kimeisha vizuri," alisema akielekea mlangoni. "Shela mwisho wake uliniudhi. Mkimwona mwandishi, mwambieni."

Bi Kadi alichora mstari juu ya namba kumi na saba kwenye nakala yake ya orodha. Fundi alitoa daftari, akaandika sitini na mbili, akalitazama, kisha akazifuta zote na kuandika moja.

Nyumbani alipitia uani, akafungua pampu, akatoa ngozi ya zamani iliyokakamaa kama soli ya kiatu. Mkewe alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akijizuia kusema lolote lisije likamkatisha.

"Mama watoto," fundi aliita bila kuinua kichwa, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. "Kile cha Shela bado unacho? Nataka nione kimeishaje."