Nilitumwa Khayega kumtafuta bingwa wa kwanza wa kikombe cha chess cha Kakamega

Wakuu, mulembe nyote.

Mimi huku huwa msomaji tu. Nacheka na nyuzi zenu, napita. Leo nimeshindwa kunyamaza.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Wahusika wawili nimewasomea huu uzi kabla ya kuubandika, na wamekubali niwataje.

Ni mrefu kidogo. Chukua chai.

Mimi ni katibu wa klabu ya chess hapa Kakamega mjini. Msinicheke. Ukatibu wenyewe ni kupanga viti, kutafuta saa za mchezo ambazo betri hazijaisha, na kugombana na watu wanaochelewa round ya kwanza halafu wanataka waonewe huruma. Mchana natengeneza miwani karibu na stendi, hiyo ndiyo kazi inayonilisha.

Kila mwaka tuna mashindano ya mji na bingwa anapewa kikombe. Anakaa nacho mwaka mmoja, kisha anakirudisha kwa bingwa mwingine. Ukikitazama si cha kujivunia sana. Ni cha shaba, mkono mmoja umepinda, na kimekaa juu ya kitako cha mbao kilichojaa vibati vya majina ya mabingwa.

Kibati cha juu kabisa ni kikubwa kuliko vingine vyote. Kimeandikwa SHISUNDI, BINGWA, KHAYEGA. Hakina mwaka.

Sote tulijua Shisundi ndiye bingwa wetu wa kwanza. Mimi nilikuwa nawaambia wachezaji wapya kwamba huyo mzee alikuwa moto wa kuotea mbali, hasa akicheza na farasi wawili. Habari hizo nilizitoa wapi? Nilizitunga. Mtu akikuuliza kitu na wewe ndiye katibu, utasema hujui?

Mwaka huu kamati ikaamua Shisundi atafutwe. Kama yuko hai, aje amkabidhi bingwa kikombe siku ya fainali. Kama hayuko, tualike familia. Nikatumwa mimi.

Nilifika Khayega, kilomita chache nje ya mji, asubuhi siku ya soko. Nikaenda moja kwa moja kwa watu wa boda, maana hao ndio wanajua kila boma.

"Namtafuta mzee Shisundi," nikasema. "Yule bingwa wa chess."

Wakaangaliana. Mmoja wao, mtu mzima mwenye mvi, akacheka mpaka akashuka kwenye pikipiki.

"Shisundi hakuwa mzee, bwana. Shisundi ilikuwa ng'ombe."

Nilidhani ananichezea. Hakuwa ananichezea.

Kwa wasiojua pande zetu: Khayega na Shinyalu watu wanapenda fahali wa kupigana kama nyinyi mnavyopenda mpira. Fahali ana jina lake, ana mashabiki, anasindikizwa uwanjani alfajiri kwa ngoma za isukuti na nyimbo za kumsifu. Wanasukumana pembe kwa pembe. Anayegeuka na kukimbia ndiye ameshindwa, na huyo anakimbia kweli kweli, anapita kwenye mahindi ya watu.

Shisundi hakuwahi kukimbia. Ndiyo maana alipewa kikombe.

Wakuu, nilikasirika. Niliona aibu kubwa. Miaka yote hii tunabusu kikombe cha ng'ombe! Nikamwandikia mwenyekiti palepale: kile kibati king'olewe kabla ya fainali, halafu tusiliongelee tena. Akajibu kwamba sawa, fundi atakuja wiki ya mashindano.

Nilikuwa nageuka kurudi mjini, yule mzee wa boda akaniambia, "Si usalimie hata msichana wa mwenye ng'ombe? Ako hapa tu."

Huyo "msichana" ni mama wa makamo anayeitwa Ayuma. Ana duka la dawa za mifugo na mbegu pale sokoni. Nilimweleza nimetoka wapi na kikombe gani kimenileta. Alikuwa anapima mbegu za sukuma wiki. Akaweka kijiko chini.

"Hiyo kikombe bado iko?"

"Iko, mama. Mkono mmoja umepinda."

"Najua. Ni mimi niliangusha nikiwa darasa la tatu."

Akanipa stuli nikae. Nawapa alivyonisimulia, kwa ufupi.

Baba yake, Mzee Shivachi, ndiye aliyekuwa mwenye Shisundi. Kikombe kilikaa kabatini nyumbani, na kila Jumamosi Ayuma alikisugua kwa majivu na ndimu. Baba yake alikuwa amemwambia tangu utotoni kwamba kile kitakuwa chake.

Ayuma akaenda sekondari ya bweni pande za Butere, na huko akajua chess. Alikuwa mkali. Mji ulipoandaa mashindano kwa mara ya kwanza, shule ikampeleka, akawatoa watu wazima mmoja mmoja mpaka fainali. Baba yake alifika kumwona. Hakujua hata kete moja inaitwaje. Alikaa nyuma ya ukumbi na kofia magotini siku nzima.

Fainali Ayuma akashindwa na karani mmoja wa mjini.

"Nikainua kichwa nimtafute baba," akaniambia. "Nikaona mgongo yake. Anatoka mlangoni. Hakunisalimia, hakuniambia pole. Basi ya shule ikaja tukaenda."

Alipofunga shule akakuta kabati tupu. Akamuuliza baba yake kikombe kiko wapi.

"Akaniambia, 'Iko na wale watu wa chess. Mwenye alishinda ndiye anakaa nayo.' Ni hayo tu. Kikombe yangu, amepea mtu mwenye alinishinda."

Tangu siku hiyo Ayuma hakugusa chess. Akaenda chuo, akafanya kazi mbali, alikuwa akija nyumbani Krismasi tu. Yeye na baba yake hawakuliongelea tena mpaka mzee akafa.

"Alinionea aibu," akasema. "Alizoea kitu inashindanga. Mimi nikashindwa mbele ya watu."

Alisema bila kulia, kama mtu anayekutajia bei ya mbegu. Mimi ndiye niliyekuwa naangalia sakafu. Nilikuja kutafuta jina la kusoma kwenye spika siku ya fainali, na hapa kuna mtu ameishi maisha yake yote akiamini baba yake alimkataa.

Nilimuuliza kama kuna mtu mwingine aliyekuwepo siku ile. Akasema refa alikuwa mwalimu mmoja wa hesabu, Mwalimu Wesonga, ila hajui kama bado yuko.

Yuko, wakuu. Yuko Butere, amestaafu, analima miwa na ana masikio mazima. Nilimpata Jumapili baada ya kanisa. Nilipotaja Shisundi akatabasamu, nami nikamuuliza mbona hajawahi kutuambia.

"Mlishawahi niuliza?"

Nikavuta kiti nikae.

Halafu akanieleza upande wake. Siku ile hapakuwa na kikombe chochote. Mshindi alikuwa apewe thamosi ya chai. Watu walikuwa wanaanza kutawanyika, jua linashuka, ndipo Mzee Shivachi akaingia tena ukumbini akihema, amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye gunia. Alikuwa amekwenda Khayega na kurudi. Akauliza msichana wake yuko wapi. Akaambiwa basi la shule limeshaondoka.

Mwalimu anasema mzee alisimama kidogo, kisha akakiweka kikombe mezani katikati ya kete. Maneno yake Mwalimu anayakumbuka, nami nayaandika kama nilivyoyasikia:

"Ng'ombe ikishindwa inakimbianga. Hata yangu ingekimbia siku moja. Huyu msichana ameshindwa, akasimama, akapea mwenye amemshinda mkono. Mimi sijawahi ona hiyo kitu. Sasa hii ni yake, lakini sitampea kwa nyumba. Mwenye ameshinda akae nayo mwaka moja, arudishe, mwingine achukue, arudishe. Isipotee. Msichana wangu akikuja aikute hapa."

Ndiyo sababu kikombe chetu kinarudishwa kila mwaka, wakuu. Mimi nilidhani ni kanuni za chess.

Nikamuuliza Mwalimu, sasa kwa nini hakumwambia mtoto wake mwenyewe?

"Hata mimi nilimuuliza. Akaniambia, 'Fahali hatusukumangi uwanjani. Inaingianga yenyewe. Nikimwambia, atakuja sababu ni mimi nimetaka, si yeye.'"

Na bado kuna kingine. Mzee Shivachi alikuja kwenye mashindano kila mwaka. Kila mwaka! Alikaa palepale nyuma na kofia yake magotini, hajui nani anashinda nani, na kabla ya round ya kwanza alikuwa anakuja mezani kwa refa kuuliza swali moja tu: "Amekuja?"

Nilishindwa kuvumilia. Nikampigia Mama Ayuma, nikaweka simu kwenye spika, nikampa Mwalimu. Akamwambia yote polepole, kama anafundisha.



Tukasikia mteja huko dukani anaitisha dawa ya minyoo. Tukasikia Ayuma akimwambia, "Nimefunga." Kisha mlango wa mabati ukiteremshwa.

"Mara ya mwisho alikuja lini?" akauliza.

"Mwaka ule alikuwa na mkongojo," Mwalimu akasema. "Aliuliza kama umekuja. Nikamwambia bado. Akaniambia, basi wekeni vizuri."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, na sisi wazee wawili pale Butere, mmoja wetu, yaani mimi, wa miaka thelathini na minne, tukakaa tukimsikiliza mpaka akamaliza. Hakuna aliyekata simu.

Nilimwandikia mwenyekiti kwamba fundi akigusa kile kibati, mimi nang'oka ukatibu.

Kamati ilipopata habari ikageuka haraka, si mnawajua. Sasa wakataka wamwalike Mama Ayuma awe mgeni wa heshima, akae meza kuu, avae shada, amkabidhi bingwa kikombe. Nikampelekea barua. Akaisoma, akanirudishia.

Siku ya mashindano nilikuwa mlangoni naandikisha wachezaji. Nikaona kitenge. Mama Ayuma alikuwa amesimama kwenye foleni, nyuma ya wanafunzi wa chuo cha Sigalagala, anangoja zamu yake kama mtu yeyote.

Nikampa fomu. Akaandika jina lake. Pale panapouliza unachezea klabu gani, akaandika Shivachi.

Nilimwonyesha meza yake.

Hakuchukua kikombe, tusidanganyane. Siku hizi hakuna kutolewa mapema, kila mtu hucheza round sita; alishinda mbili, akapoteza nne, na moja ya hizo nne alipigwa na mimi baada ya kunitoa jasho ambalo sijawahi kutokwa nalo. Kikombe kimekwenda kwa kijana mmoja mhasibu, na ameambiwa waziwazi kwamba anakitunza tu.

Nililojifunza? Kama kuna jambo mzee wako alifanya likakuuma, na bado anapumua, mfuate umuulize. Akijibu kwa maneno matatu, kaa hapo hapo uulize tena. Wazee wetu hawajui kujieleza, na sisi tunajaza mapengo na vitu vibaya. Mimi wa kwangu nimemuuliza jambo moja juzi. Hilo silileti hapa.

Haya, mmesikia yangu. Nani mwingine ana kitu nyumbani au klabuni kwao ambacho hakuna anayejua kilitoka wapi? Andikeni. Na wale mtakaonicheka kwa ile habari ya farasi wawili, nimeshakubali makosa.